Dakika Nzima na Maharagwe Hamsini

Kabla sijawaambia lolote, wanangu, toeni simu. Wekeni saa ya dakika moja, kisha nyamazeni mkitazama ukuta mpaka ilie. Msisome ujumbe, msijikune. Haya, anzeni.

Mmeona ilivyo ndefu? Na hapo mlikuwa mmekaa raha mustarehe, hakuna anayewapigia kelele, hakuna foleni ya akina mama iliyofika hadi langoni. Dakika hiyo hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi miaka yangu yote ya uuguzi, na ndiyo iliyonishinda siku niliyodhani nimeshaijua.

Mimi ni Sista Wairimu. Nilizaliwa hapa Kitale, kwa wazazi waliotoka upande wa Mlima Kenya wakaja kulima mahindi, na sasa nimestaafu, niko Tuwan na kuku wangu wanne ambao hawanisikilizi. Lakini kazi yangu kubwa niliifanyia Bungoma, katika zahanati moja ndogo si mbali na Misikhu. Wagonjwa wangu walikuwa watoto wa kikohozi. Wengine wanakumbuka kazi yao kwa vyeo, mimi naikumbuka kwa vifua. Nikifumba macho naviona, vidogo, havizidi kiganja changu, vinapanda na kushuka, na hadi leo vinanishangaza. Hakuna aliyemfundisha mtoto kupumua. Anatoka tumboni, analia, anaanza, na haachi tena, amelala au ameamka, ameshiba au ana njaa. Nimeviona maelfu na sijavizoea.

Nyinyi mnaotumwa vijijini mwaka huu, sikilizeni. Mtoto akija na kikohozi, kitu cha kwanza unachotaka kujua ni kama ni mafua tu au ni nimonia. Jibu liko kifuani, na linapatikana kwa kuhesabu. Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, akipumua mara hamsini au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, arobaini. Mchanga ambaye hajafika miezi miwili, sitini, na huyo usikae naye, mpeleke hospitali.

Sasa kuna siri ambayo darasani hawawaambii. Kiswahili ni kitamu lakini namba zake ni ndefu. Jaribu kusema "arobaini na nane" huku unamtazama mtoto anayehema. Kabla hujafika kwenye "nane" ameshapumua tena. Lubukusu, lugha ya kule Bungoma, nayo ndiyo usiseme. Kwa hiyo mimi nilizoea kuhesabu moja hadi kumi, nakunja kidole, naanza tena. Vidole vitano vikikunjika kabla ya dakika kuisha, nainuka.

Mtoto awe ametulia. Akinyonya usihesabu, akilia usihesabu, akiwa amelala mapajani mwa mama yake hapo umepata bahati, mwache vivyo hivyo. Tena mfungue. Hapa ndipo wengi wenu mtakwama, maana baridi ya huku mnaijua. Mtoto analetwa na fulana, sweta mbili, kofia ya marvin, shali, na blanketi juu ya yote. Kumfungua ni kama kumenya kitunguu, na mama anakutazama kama unataka kumwibia. Mwombe kwa upole, funga mlango upepo usiingie, lakini mfungue. Tazama pale mbavu zinapoishia. Kama panaingia ndani kila anapovuta pumzi, huyo mtoto anafanya kazi ngumu kuliko mkulima yeyote Trans-Nzoia.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayafundisha. Sasa niwaambie juu ya Kukhu Nasimiyu.

Kukhu ni nyanya, yaani bibi, kwa Lubukusu, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, amechaguliwa na watu wake kwenye baraza. Mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu anayechelewa kanisani. Shule hakuenda. Tulipowapa wahudumu kile kisaa kidogo cha plastiki cha kuhesabia pumzi, kilikuwa kinalia mara mbili, mara ya kwanza nusu dakika na mara ya pili dakika ikitimia. Wahudumu wawili wakawa wanaacha kuhesabu kwenye mlio wa kwanza, na mwezi mzima wakaniletea ripoti kwamba kijiji chao hakina nimonia hata moja. Niliwasifu, Mungu anisamehe, kabla sijagundua.

Kukhu hakukosea mlio. Yeye alikuja na mkebe wa majani chai, ndani mna maharagwe hamsini. Mtoto akipumua mara moja, anahamisha harage moja kutoka mkono wa kushoto kwenda kwenye mkebe. Mkono ukibaki mtupu kabla ya mlio wa pili, mtoto anakuja kwangu. Kwa watoto wakubwa alitoa kumi pembeni, akayafunga kwenye kona ya leso aliyojifunga. Niliona ni ujanja mzuri wa mama asiyejua kuhesabu. Ndivyo nilivyomwandika kwenye daftari langu, na nikawa nasimulia hivyo kwenye semina, watu wanacheka kwa mapenzi.

Moshi wa jikoni nao, Kukhu alikuwa na dawa yake. Huko mama akijifungua anakaa jikoni na mtoto kwa sababu ndiko kuna joto, na jiko ni mafiga matatu, chumba hakina dirisha, mahindi yananing'inia juu ya moto yakauke. Mimi nilikuwa nawahutubia. Kukhu hakuhutubia mtu. Aliingia jiko moja na leso nyeupe iliyofuliwa ikang'aa, akasalimia, akanywa chai, kisha akainuka akaipitisha leso kwenye mwamba wa paa. Ikashuka nyeusi tititi. Akamwekea baba mwenye nyumba mapajani.

"Papa, hii ndiyo mtoto yako anavuta," alisema. "Mimi naenda, leso utanifulia."

Nyumba ile ilikuwa na dirisha jikoni kabla ya Jumapili. Na leso ilirudishwa imefuliwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko Misikhu, mwezi wa Julai, baridi inauma. Siku ya soko wote wanapitia zahanati, maana wameshatoka nyumbani. Nilikuwa peke yangu. Kukhu aliingia na mama mmoja kijana aliyebeba mtoto wa miezi mitano, jina lake Wekesa. Kichwa kilionekana kidogo tu ndani ya shali.

"Sista, huyu anapumua haraka," Kukhu aliniambia. "Tangu asubuhi ni kulala tu, titi hataki."

Nilikuwa na saa yangu ya kubandika kifuani. Sikumfungua mtoto. Niliweka mkono juu ya sweta, nikatazama saa robo dakika, nikapata kumi na moja, nikazidisha kwa nne. Arobaini na nne. Niliandika "kikohozi, mafua", nikamwambia mama amnyonyeshe mara kwa mara na amrudishe akizidiwa.

"Lakini maharagwe iliisha, Sista," Kukhu akasema. "Iliisha na saa bado haijalia."

Nilikuwa nimechoka, na foleni ilikuwa inasikiliza. Nikasema maneno ambayo ningelipa niyarudishe: "Kukhu, hayo maharagwe peleka ukapike."

Watu walicheka. Mama Wekesa akacheka pia, kwa aibu, huku anafunga shali. Nikaita mgonjwa mwingine.

Kukhu hakutoka. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akamchukua mtoto, akamweka mapajani mwake na kuanza kumfungua, blanketi, shali, sweta ya kwanza, sweta ya pili. Akabonyeza kisaa. Mimi nilikuwa namsikiliza mzee mmoja akinieleza habari za goti lake, na macho yangu yakawa yanakwenda kwenye benchi kila mara. Harage moja. Harage jingine. Mkono wake haukuwa na haraka hata kidogo, ulikuwa unamfuata mtoto tu. Kisaa kililia mara ya kwanza, na mkononi naona yamebaki machache. Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea mezani kwangu, akaufungua, akauacha hivyo hivyo mbele ya watu wote. Mtupu. Na kisaa kilikuwa bado kimya, tukakaa, yeye ameunyoosha mkono, mimi nimeacha goti la mzee, mpaka kikalia.

Niliinuka nikapiga magoti mbele ya benchi. Pale mbavu zinapoishia palikuwa panaingia ndani, shimo dogo, kila pumzi. Nikahesabu dakika nzima kwa mara ya kwanza siku ile. Wekesa alikuwa anahema upesi upesi, kisha anapunguza kidogo kama anayepumzika mlimani, kisha anaanza tena upesi zaidi. Mimi nilikuwa nimeidaka ile robo aliyopumzika. Dakika nzima ilikuwa sitini na mbili.

Sikujua nilie au niombe radhi. Sikufanya lolote kati ya hayo, hapakuwa na nafasi. Mtoto hanyonyi, analala tu, kifua kinaingia: huyo si wa kidonge cha kuyeyusha nyumbani, huyo anataka oksijeni. Nilimdunga sindano ya kwanza. Kukhu alishatoka kwenda barabarani, na nilipoinua kichwa alikuwa amesimamisha pikapu ya kusambaza soda kwa kusimama katikati ya lami.

"Wewe mama, unataka kufa?" dereva alipiga kelele.

"Hapana. Na huyu pia hataki," akajibu. "Fungua mlango, twende Bungoma."

Kukhu akapanda pamoja na mama na mtoto. Mama Wekesa akamshika mtoto wima kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya blanketi, kama nilivyomwelekeza. Pikapu ikaondoka na kreti zake zikigongana, na mimi nikarudi kwenye foleni. Hakuna aliyecheka tena. Kila mtoto aliyekuja siku ile nilimfungua, na kila mmoja nilimpa dakika yake. Tulimaliza jioni kabisa, na hakuna mama aliyelalamika.

Siku mbili nilikuwa sijui kama Wekesa yuko hai. Simu ya Mama Wekesa haikuwa na chaji. Siku ya tatu nikaomba ruhusa nikaenda Bungoma mwenyewe. Nilimkuta wodini, mpira wa oksijeni umetolewa puani asubuhi ile, alama ya plasta bado iko shavuni. Kukhu alikuwa amelala sakafuni juu ya leso, mkebe chini ya kichwa. Mtoto alikuwa amenyonya akashiba, amelala kifua wazi. Nikakaa kwenye kitanda nikahesabu.

Arobaini na nne. Ile namba niliyoiandika siku ya soko kwa haraka zangu, sasa ndiyo ilikuwa ya kweli. Nilikitazama kile kifua kikipanda na kushuka taratibu, bila kuvuta, bila kukazana, na nikajiona mdogo sana. Nilimwambia Kukhu pole. Akafungua jicho moja.

"Pole ni ya mtoto," akasema. "Wewe niletee chai."

Sasa mna vifaa vizuri. Kile kidude cha kubana kidole kinachosema oksijeni ni ngapi, laiti ningekuwa nacho wakati ule. Kipendeni, lakini msikioe. Kabla sijastaafu tulikwenda kuwaona watoto kule Suam, mpakani na Uganda, asubuhi ya baridi, akina mama wa pande zote mbili wamepanga foleni moja. Muuguzi mmoja kijana akaja mbio.

"Madam, mashine inasema sabini! Huyu mtoto anaenda!"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa anakula ndizi na kunichekea. "Sasa kati ya mashine na ndizi, wewe unaamini nani?" nilimuuliza. Vidole vilikuwa barafu. Tukavisugua vikapata joto, mashine ikasema tisini na sita. Kisha nikamwambia ahesabu pumzi vilevile, dakika nzima, na akahesabu.

Lakini kilichonifundisha zaidi kilitokea muda mrefu baada ya habari za Wekesa. Nilikuwa nimepata uhamisho kurudi Kitale, na siku moja kabla ya kuondoka nilipita soko la Misikhu kununua mboga. Nikamkuta Kukhu Nasimiyu anamsaidia dada yake kuuza mayai. Mwenye hoteli alitaka trei kadhaa na mengine juu. Kukhu alikuwa anayachukua matatu matatu, anaongea na mimi, anamkaripia mbuzi, anamsalimia mchungaji, na alipofika mwisho akasema, "Mia mbili na kumi na nne, na hii moja imepasuka." Mwenye hoteli akayahesabu upya. Yalikuwa mia mbili na kumi na nne, na moja limepasuka.

Nilimsogelea.

"Kukhu, kumbe unajua kuhesabu?"

"Si najua! Nani alikwambia sijui?"

Mimi ndiye niliyejiambia, na nikawaambia na wengine kwenye semina. "Sasa yale maharagwe ni ya nini?"

Alipanga mayai yake kwanza. Halafu akaniambia, bila kuninong'oneza, kama anayenieleza bei: "Mimi nilizika mtoto wa kikohozi, Sista. Zamani, kabla wewe hujakuja. Sasa nikiona mwingine anakazana hivyo mbele yangu, naogopa. Nikiogopa, namba inapotea. Nikifika ishirini sijui kama ni ishirini ama thelathini. Lakini maharagwe haiogopi."

Kisha akatoa mkebe kwenye kikapu akanipa. Nilikataa. Akasema atapata mwingine, majani chai hayajaisha Kenya. Niliupokea kwa mikono miwili, na nikiwa na mkebe ule njiani kuja Kitale nilijua nimeaga mwalimu. Lakini niwe mkweli, wanangu: nilidhani maneno yale ni ya watu kama yeye. Mimi nilikuwa nimesomea. Muuguzi haogopi, nilijiambia.

Mwaka huu, msimu wa mvua, binti yangu Njoki alinijia asubuhi hapa Tuwan na mtoto wake, Kui, wa miezi minane. Kikohozi siku mbili, mwili una moto. Chanjo zake zote amepata, nilimsimamia mwenyewe, na Njoki anapikia gesi. Nikamwambia aketi, nikafunga mlango, nikamfungua mtoto, nikaweka simu dakika moja. Nikaanza. Moja, mbili, tatu, hadi kumi, nakunja kidole. Kile kifua kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka, na nilikiona kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na nikaogopa. Nikafika kidole cha tatu, au cha nne? Nikaanza upya. Nikapotea tena.

"Mami, si uhesabu tu?" Njoki alisema. "Hii si ndiyo kazi yako?"

Niliinuka nikaenda kabatini nikautoa mkebe. Maharagwe ya Kukhu mwenyewe yaliliwa na wadudu zamani, haya ni rosekoko niliyoyanunua hapa sokoni, lakini ni hamsini. Niliyamimina kiganjani, nikapiga magoti mbele ya mjukuu wangu, nikabonyeza simu. Pumzi moja, harage moja. Sikufikiria namba. Nilimfuata tu. Yakaendelea kupungua, nikayasikia yakiisha mkononi bila kuyatazama, na nikamwomba Mungu simu ilie. Ikalia.

Nilifungua kiganja. Yalikuwa yamebaki matatu.

Machozi yakanitoka, na Njoki akashtuka. "Mami! Ni mbaya?"

"Hapana," nikasema. "Mbavu haziingii, ananyonya, ni mafua. Mpe titi, na jioni tunahesabu tena."

Kisha nikakaa sakafuni pale pale, mtoto akinyonya juu yangu, nikayamimina maharagwe yote kwenye leso na kuyahesabu kuyarudisha mkebeni, kwa mdomo, moja hadi hamsini. Hofu ilikuwa imeshaondoka, na sikupoteza hata moja.